Kula Katika Nyumba ya Mabwana wa Zamani

Fikiri, ewe msomaji, kwamba umekaribishwa chakula katika nyumba ambayo babu yako hakuruhusiwa kuketi. Je, utakula? Wako watakaosema kwamba chakula ni chakula tu. Mimi naona swali hili si jepesi hivyo.

Huko Unguja, mtaa wa Shangani, karibu na bahari, imesimama nyumba iitwayo Africa House. Ilianza mwaka 1888 kuwa klabu ya Waingereza, nao walikutana humo jioni kunywa na kutazama jua likitua. Mwafrika aliyeingia humo aliingia amebeba sinia. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 klabu ile ikakoma, na nyumba ikapewa jina jipya. Miaka mingi baadaye ikatengenezwa kuwa hoteli, na wageni hukusanyika barazani kutazama jua lile lile.

Wako wanaotaka nyumba kama hizo ziachwe zioze. Sikubaliani nao. Wazee wetu wa Gusii walijua kwamba nyumba ya nyasi isiyokokwa moto haidumu, maana moshi ndio uliofukuza wadudu katika paa. Nyumba ya mawe ni vivyo hivyo: isiyo na watu haina wa kuziba ufa wake. Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lilikaa miaka kadhaa limefungwa, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ikaporomoka lingali likitengenezwa, watu wawili wakafa. (Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyokuwa gereza tangu mwaka 1895 hadi 1958, ni jambo jingine, humo mimi nisingeweza kumeza hata tonge moja.)

Hata hivyo, mbeba sinia yuko wapi? Katika nyumba za namna hii aghalabu hutundikwa ukutani picha za mabwana, na mgeni hulipa apate kuonja enzi zao bila kuuliza zilikuwa enzi za nani. Tena zamani mlangoni iliulizwa rangi ya ngozi; siku hizi huulizwa mfuko. Maovu haya si sawa, kwa kuwa mfuko waweza kujaa, lakini ngozi haibadiliki. Walakini aoshaye sahani asizoweza kulia kamwe ana haki ya kuuliza.

Tuseme kesho tajiri mmoja atengeneze nyumba ya kale ya serikali ya kikoloni kando ya mto Gucha, auze humo samaki, ugali wa wimbi na chinsaga. Kisii ilianza kuwa boma la Waingereza mwaka 1907, na mwaka uliofuata Otenyo akamchoma mkuki afisa wao, Northcote. Ningekwenda kula. Lakini ningetazama ukutani kama jina la Otenyo limeandikwa karibu na la Northcote, na ningemwuliza mwenye mkahawa kama wapishi wake huketi mezani siku yo yote pamoja na watoto wao. Akilicheka swali hilo, ningelipa bei ya chai yangu nikaenda zangu.