Nilimpeleka Mama Unguja

Sisi vijana tuliotoka Rukwa tukaja kuhangaika mijini tuna ugonjwa mmoja. Mtu akipata kazi, hata kitanda hajanunua, tayari anaota jinsi atakavyomfanyia mama yake jambo kubwa. Si jambo la kumsaidia, la. Jambo la kumstaajabisha. Mimi ndoto yangu ilikuwa bahari. Nilimwona mama amesimama ufukweni Unguja, viatu mkononi, ameduwaa kwa ukubwa wa yale maji, halafu anageuka ananiangalia mimi. Msomaji, hilo la kuniangalia mimi liweke pembeni kwanza. Tutalirudia.

Nilimpa habari hiyo Krismasi ya mwaka 2017, tukiwa jikoni kwake Katandala, Sumbawanga mjini, anasonga ugali wa ulezi. Hakuacha kusonga.

"Maji?" akasema. "Kama ni maji, baba, si Kirando yapo tele? Na dada yangu yuko huko."

(Ananiita baba kwa sababu nina jina la baba yake.)

Nikacheka. Nikasema, "Mama nawe! Kirando na Unguja wapi na wapi?" Naye akacheka kidogo, akapakua, tukala. Kwangu mimi suala likawa limeisha, mama amekubali.

Hebu nieleze kwa wasioijua nchi yetu. Ufipa ni nyanda za juu zilizokaa katikati ya maziwa mawili. Mashariki, chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, kuna Ziwa Rukwa, maji yake ya magadi. Magharibi kuna Ziwa Tanganyika, maji matamu, na kina chake karibu mita 1,470. Duniani ni Baikal la Urusi tu linalolizidi kwa kina. Sisi tuko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, kwenye baridi na upepo. Kirando iko ufukweni mwa Tanganyika. Ukitoka Sumbawanga unapita Namanyere, unateremka, na kabla ya jua kuzama umeshafika, barabara ikikuhurumia. Mama mkubwa aliolewa huko na mvuvi, akaishi kwa kuanika dagaa. Tangu msiba wa babu walikuwa hawajaonana, miaka kumi na moja. Kila mwaka kulikuwa na sababu: mara masika, mara mbolea, mara ada yangu mimi.

Yote hayo nilikuwa nayajua. Ila safari ya Kirando huwezi kuisimulia kazini ukapata heshima. Ukweli ndio huo, na sina namna ya kuupaka sukari.

Basi nikaanza kudunduliza. Mwaka ule mahindi kwetu yalikuwa hayana bei. Serikali ilikuwa imezuia kuyauza nje mwaka 2017, na hata zuio lilipoondolewa bei haikunyanyuka upesi. Magunia ya mama yalikaa ndani yakisubiri panya. Nikajua nikimtajia gharama halisi hatatoka nyumbani, nikamdanganya. Nauli ya boti nikaipunguza zaidi ya nusu. Ya gesti nikasema kuna rafiki yangu kanipa chumba. Nilijiambia huo ni uongo wa upendo, na nina hakika wengi wenu mmewahi kuutumia.

Tuliondoka Julai 2018. Safari ya basi sitaieleza sana, anayetoka kwetu anaijua na asiyeijua hawezi kuamini. Ni zaidi ya kilomita elfu moja, Tunduma, Mbeya, Iringa, Morogoro. Mikumi, nilikokuwa nimeahidi tembo, mama alikuwa amelala fofofo kichwa kimegonga dirisha. Tukashuka Ubungo, wakati ule stendi kuu ikiwa bado pale, mama na sweta lake, kiroba cha maharage mkononi. "Mtu haendi kwa watu mikono mitupu," alisema, ingawa nilimweleza kwamba gesti si kwa watu.

Bandarini nikafanya kosa. Nikampa tiketi yake aishike. Nilisahau kwamba mama alisoma kisomo cha watu wazima enzi za Mwalimu, miaka ya 1970, alama ya msalaba wa chaki kwenye ubao wa mti, na kwamba kati ya vyote alivyofundishwa aliyapenda mahesabu. Akaitazama tiketi. Akaikunja mara mbili, akaifunga kwenye pindo la kitenge. Hakusema kitu. Ndani ya boti walipita wakigawa vifuko vya plastiki kwa wanaotapika. Mama hakutapika. Mimi ndiye niliyetapika, na yeye ndiye aliyenishika mgongo hadi tunatia nanga.

Sasa bahari. Asubuhi ya pili nikampeleka ufukweni. Akavua viatu kama nilivyoota, akasogea mpaka maji yakamfika kwenye vifundo. Akachovya kidole, akaonja. Nikaandaa simu nimpige picha akishangaa. Akasema:

"Chumvi yote hii! Na babu zetu walitembea hadi Ivuna."

Ivuna iko kusini ya Ziwa Rukwa, ambako kwa karne nyingi watu walichemsha maji ya chumvichumvi wakapata chumvi ya kuuza, na Wafipa walikuwa miongoni mwa wanunuzi. Yaani mbele ya Bahari ya Hindi mama aliwafikiria watu waliokufa zamani, miguu yao, na mizigo yao. Hakugeuka kuniangalia. Aliinama akajaza chupa ndogo maji ya bahari, akaifunga vizuri. Mimi nikaona haya. Pwani ukisema unatoka Sumbawanga tu, watu wanakuuliza kama ni kweli mnatuma radi, ingawa jina lenyewe la mji maana yake ni tupa uchawi. Nikadhani mama anakwenda kuyafanya dawa, mbele za watu! Nikajifanya sijaona.

Picha nikaipata baadaye, nilipomwomba acheke. Nikaituma kwenye kundi la ukoo na kundi la kazini. Sifa zikamiminika: mtoto wa mfano, Mungu akuzidishie, wangu nami nitamleta. Nilikaa kibarazani nazisoma moja moja, na niliponyanyua kichwa mama alikuwa ananitazama, chai yake imepoa, anasubiri nimalize. Naam, hapo aliniangalia.

Siku ya tatu niliamka nikamkuta ameshika ufagio anafagia uwanja wa gesti, na yule mama mwenye nyumba anamzuia kwa maneno tu huku anacheka. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," mama akamwambia. Yale maharage alishampa. Alishajua watoto wake wote kwa majina, nani kaolewa Pemba na nani anasumbua. Kwa muda wa nusu saa ya kufagia nilimwona mama akiwa na furaha ambayo bahari haikumpa.

Mchana tukaenda Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huohuo wamisionari wa Kianglikana wakaanza kujenga kanisa mahali pale pale. Nje kuna sanamu ya mwaka 1998, kazi ya msanii wa Kiswidi Clara Sörnäs: watu wa zege ndani ya shimo, shingoni wamefungwa mnyororo wa kweli. Wenzetu wa Ulaya na Marekani huwapeleka wazazi wao Jamaika au Barbados, wakapumzike kwenye mchanga wa visiwa vilivyotajirika kwa miwa na mijeledi. Sisi tuna Unguja na karafuu zake, na tunapumzika vilevile. Mtembezaji akatushusha kwenye vyumba vya chini vyenye dari ya kuinama, akasema humu walifungiwa. Wapo wanahistoria wanaosema jengo lile ni la baada ya soko kufungwa, lakini hilo nililisoma baadaye, na sidhani kama lingebadili kitu kwa mama. Alimwuliza yule kijana swali moja:

"Na sisi Wafipa walitufikia?"

Kijana hakujua, nikajibu mimi, nilikuwa nimesoma. Nikamwambia katika miaka ya 1880 wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walikuwa na kituo kwetu, wakivusha watu na pembe za ndovu kutoka Marungu, ng'ambo ya ziwa, upande ambao sasa ni Kongo. Wakisha kuvuka wanapandishwa nyanda zetu, kisha safari ya miezi kuja pwani.

"Kituo wapi?"

"Kirando, mama."

Akanyamaza. Tulipotoka juani akakaa kwenye ngazi, akaniomba simu. Akampigia dada yake. Mjukuu ndiye aliyepokea, akamwekea bibi yake sikioni. Mama akaongea Kifipa kwa muda mrefu, hadi salio likakatika katikati ya neno.

Usiku ule ndipo akanitajia tiketi. Hakukasirika. Aliifungua kutoka kwenye pindo, akaiweka kitandani, akaipigia hesabu kwa bei ya magunia ya mwaka ule, kwenda na kurudi, watu wawili. Kisha akasema, "Nilikwambia Kirando, baba. Ulidhani natania."

Hapo ndipo penye swali langu, na sijalimaliza mpaka leo. Mzazi wa kwetu ukimwuliza anataka nini atakwambia hana shida. Ukimpa nguo atasema anazo. Ukimwita mjini atasema kuku watabaki na nani. Tumekua tukijua kwamba "hapana" ya mzazi ni adabu, ni mlango unaosukumwa, na mtoto mwema ndiye anayeusukuma. Mara nyingi ni kweli. Lakini tukizoea kusukuma, tutaitambuaje ile siku ambayo hapana ni hapana? Mama hakuniambia hana shida. Alitaja mahali, akataja na mtu. Mimi nilisikia unyenyekevu kwa sababu ulinifaa. Upole wake wa miaka yote nikaufanya ruhusa.

Aristotle, yule Mgiriki wa kale, aliandika kwamba mwana hawezi kumlipa baba yake deni lote, afanye afanyalo. Nilipolisoma hilo kwanza nilifarijika, maana deni lisilolipika halina tarehe. Siku hizi linanitia wasiwasi. Mdaiwa asiyeweza kulipa ana kishawishi kikubwa cha kulipa mahali penye watu wengi, aonekane.

Rafiki yangu mmoja, mwandishi, hakubaliani nami kabisa. "Wewe unajitesa bure," ananiambia. "Mama kaona bahari, kaona Mkunazini, karudi salama. Ungemsikiliza angekufa hajui chumvi ya bahari. Kuna watoto hawapeleki hata sabuni." Ana hoja. Nakiri mama alifurahi: mawimbi yalipomvuta mchanga chini ya nyayo alipiga kelele kama msichana, na kule Forodhani alikula pweza, kisha akauliza ni samaki wa aina gani huyu asiye na mfupa. Lakini furaha iliyopatikana haifuti kwamba mtu hakusikilizwa. Vinginevyo kila mwenye nguvu atatufanyia atakalo, halafu atuonyeshe picha tulizocheka. Rafiki yangu anasema hiyo ni siasa, si habari ya mtu na mama yake. Labda. Mimi nadhani huko kwa mama ndiko tunakojifunzia.

Tulikwenda Kirando mwaka 2019, baada ya mavuno. Mwaka mzima umepita, maana fedha zote zilikuwa zimekwenda baharini. Mama mkubwa tulimkuta amekaa kibarazani, macho yamekufa. Jicho la pili, mjukuu alisema, lilizimika masika yaliyopita. Mimi hesabu hiyo ya miezi nimeifanya mara nyingi. Mama hakuifanya, au hakunionyesha. Alipiga magoti kumwamkia dada yake, na yule bibi akanyoosha mikono akaupapasa uso wake polepole, kuanzia kipaji hadi kidevu, akasema kitu kwa Kifipa kuhusu kuzeeka, wakacheka wote.

Kisha mama akafungua mkoba, akatoa ile chupa ndogo. Akamtilia dada yake maji kiganjani. Bibi akanusa, akayaramba, akatema pu! akajifuta mdomo kwa upande wa khanga.

"Hayo ndiyo?" akauliza.

"Ndiyo hayo."

"Na yametapakaa mpaka wapi?"

Mama akavuta kigoda, akaanza kumweleza. Alianza na basi. Alimweleza tembo wa Mikumi, ambao hakuwaona, alimweleza jinsi nilivyotapika, alimweleza pweza, ufagio, watu wa zege wenye mnyororo shingoni. Jua likazama upande wa Kongo bado hajafika Forodhani. Mimi nilikuwa nimesimama tu pale mlangoni na mabegi yetu, sina la kufanya. Akanikumbuka.

"Baba, nenda kaulizie basi la kesho kurudi Sumbawanga."

"Nafasi mbili?"

"Moja," akasema, akaendelea na habari yake.