Sufuria Hii Nimpe Nani?

Katika vyombo vyote vya nyumbani, sufuria huchaguliwa na mtu mmoja lakini wanaokula kutoka humo ni wote. Kiti usichokipenda utakiacha ukakae mkekani. Shuka ikikuwasha utaitupa. Lakini mtoto wa miaka mitatu hana kauli juu ya chombo kilichopikiwa uji wake, na mgeni aliyekaribishwa kwa heshima hawezi kuuliza nyama imechemkia nini. Wote hao wameniamini bila ya kutamka neno. Kwa hiyo naona kwamba sufuria ni jambo la kufikiriwa, ingawa wapo watakaocheka kusikia mtu mzima anaketi kitako kutafakari masufuria.

Sokoni, kwa jumla, utakuta aina tatu. Ziko zile nyepesi za alumini, zilizoshindiliwa kiwandani kutoka kwenye bamba, zinazouzwa zimepachikana, kubwa ikimeza ndogo. Hizi huchemka upesi na bei yake haiumizi, lakini ukisonga ugali huzunguka pamoja na mwiko, kitako hubonyea, na maharage ukiyasahau kidogo tu yameshashika. Ziko za chuma kisichoshika kutu, zenye kung'aa. Chuma hicho hupitisha moto kwa uvivu, zaidi ya mara kumi chini ya alumini; ndiyo maana zilizo nzuri huwekewa kitako kinene chenye alumini katikati, na zile za rahisi zisizo na kitako hicho huunguza wali upande huu na kuuacha mbichi upande ule. Halafu ziko za fundi.

Sufuria ya fundi, ile nzito ya kusubu, ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na sioni haya kusema hivyo. Fundi hukusanya alumini chakavu: vipande vya injini, rejeta, fremu za madirisha, vifuniko, sufuria zilizotoboka. Huviyeyusha katika tanuri la mkaa linalopulizwa, kwa kuwa alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 tu, joto ambalo mkaa na upepo hulifikia bila taabu. Kisha huimimina ndani ya kalibu la mchanga. Kinachotoka ni chombo kinene, chenye mikono miwili, kisichotikisika juu ya mafiga. Moto hukienea sawasawa. Ukipika pilau ukapalia makaa juu ya kifuniko, wali huiva punje moja moja na ukoko hutoka mzima kama mkate. Siku niliponunua yangu, fundi aliipiga kwa kifundo cha kidole ikalia kama kengele, akaniambia, "Mama, hii utawaachia wajukuu."

Sasa neno hilo la wajukuu limenikaa vibaya. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya kupima sufuria za namna hii kutoka Kameruni, wakakuta madini ya risasi ndani yake. Mwaka 2017 wakachapisha mengine: vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwamo, vilichemshiwa asidi hafifu ya siki kwa saa mbili ili kuiga mapishi, na kiasi cha thuluthi moja vikatoa risasi ya kutia wasiwasi. Risasi hiyo huingia pamoja na chakavu, kwa lehemu na metali nyingine zilizoshikamana nacho, na ikishachanganyika haionekani, hainuki wala haina ladha. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo akiimeza, mwili wake huifyonza mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima, nayo humpunguzia akili kidogo kidogo. Hukaa mifupani miaka mingi, na mama akishika mimba hutoka mifupani ikamfuata mtoto tumboni.

Angalia jinsi madhara hayo yasivyofanana na makosa tuliyozoea kuyahukumu. Hapana aliyekusudia ubaya. Hapana anayeanguka akalia tumbo baada ya kula. Mtoto anakuwa mzito wa kusoma, mwalimu anamwita mvivu, na hakuna hata mmoja atakayeitazama sufuria. Wahenga walisema rahisi ghali, lakini walidhani kwamba aliyenunua rahisi ndiye atakayelipa. Hapa nanunua mimi, analipa mwingine ambaye hakuwapo sokoni.

Na mapishi yetu ya kila siku yanasaidia ubaya huo. Vitu vichachu ndivyo vinavyoila alumini na kuitoa pamoja na kilichomo ndani yake: nyanya, ndimu, ukwaju. Mchuzi wa samaki wenye ukwaju ukilazwa sufuriani hadi asubuhi umepewa usiku kucha wa kufanya kazi hiyo. Tena tumelelewa kuamini kwamba sufuria safi ni ile iliyosuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka ujione uso. Kumbe ule weusi unaojengeka ndani baada ya kuchemsha maji mara nyingi ni kama ngozi ya alumini, nao huikinga. Ni wasichana wangapi waliogombezwa kwa kuuacha!

Najua jibu la haraka: acha kununua. Lakini fundi ana watoto pia, na yeye ndiye wa kwanza kuvuta moshi wa tanuri lile, tena kila siku. Amechukua takataka za mji akazigeuza chombo bila mkopo wala mashine ya kigeni. Tumemsifu miaka mingi kwa kujitegemea. Kumgeuzia kisogo kimya kimya, tukampita tukienda dukani kununua sufuria iliyotoka ng'ambo, si uungwana. Hata hivyo siwezi kukubali kwamba riziki yake ilipwe kwa akili za watoto wangu au wa mwingine. Kumwonea huruma ni haki yake. Kumtilia sahani ya mtoto kama mchango ni jambo lingine. Kwa maoni yangu anastahili kuambiwa wazi, na wenye vyombo vya kupimia metali wanastahili kumfuata alipo badala ya kungoja awafuate wao.

Lakini swali linalonikosesha usingizi ni jingine, nalo ni dogo sana. Nikiacha kuitumia sufuria yangu, nimpe nani?

Desturi yetu ni nzuri: kitu usichokihitaji humpa mwenye shida. Binti anayenisaidia kazi ataolewa mwakani na ameitazama sufuria ile kwa jicho la kutamani. Nikimpa atanishukuru kwa magoti. Je, kinachonitisha mimi kiwe zawadi kwake kwa kuwa yeye ni maskini? Wapo watakaosema yeye angenunua ya namna hiyo hiyo, basi umemwokolea pesa. Hoja hiyo ina hila. Angenunua bila ya kujua. Mimi natoa nikijua. Mkono ni ule ule, lakini kitendo si kile kile.

Niiuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu? Ataipima kwa kilo, na baada ya juma moja itakuwa tanurini ikizaliwa upya, labda mbili ndogo, zikilia kama kengele mbele ya mama mwingine. Chungu cha udongo kikivunjika kimekufa, vigae vyake huchezewa na watoto. Sufuria haifi. Nikiitupa jalalani ataiokota kijana wa kuokota vyuma, na safari yake ni ile ile.

Wala sina hakika kwamba yangu inayo risasi. Kwa hesabu ya wale watafiti, huenda ni miongoni mwa zile thuluthi mbili zisizo na neno. Nimejaribu kujifariji kwa hilo, lakini najiuliza: ningeambiwa kisima kimoja katika vitatu kina sumu, ningemtekea mtoto maji hapo kwa kuwa viwili ni vizuri?

Binti nimemweleza yote niliyoyaandika hapa, kwa maneno mepesi zaidi. Akafikiri, akasema, "Lakini, mama, bibi amepikia ya fundi maisha yake yote." Sikubishana naye. Tumekubaliana nitamnunulia ya chuma kisichoshika kutu yenye kitako kinene, ndogo kuliko alivyotaka, maana bei yake ndiyo hiyo. Ile nzito iko uani, tunawekea mkaa. Nimeikwangua kitakoni kwa msumari alama ya msalaba, ingawa najua kwamba siku itakayoyeyushwa alama hiyo itayeyuka nayo.