Kutengeneza au Kukamua?

Swali tunalotaka kuliweka mbele yenu safari hii ni la kimaadili, ingawa linaanzia kwenye kifaa ambacho wengi wetu tumekiona sebuleni kikigombewa na watoto, yaani mashine ya michezo ya video. Swali lenyewe ni hili: kitu kilichochoka kikirudishwa kazini kwa njia inayokipunguzia maisha, je, kimetengenezwa? Na yule atakayekabidhiwa kitu hicho ana haki ya kuambiwa nini?

Tuchukue mfano wa PlayStation 2. Ilianza kuuzwa Japani mwezi Machi 2000, ikafika Marekani na Ulaya kabla ya mwaka huo kwisha, na haikuacha kuundwa hadi mwanzoni mwa 2013. Ziliuzwa zaidi ya mashine milioni 150. Si ajabu basi kuikuta hadi leo katika maduka ya hisani ya Uingereza, katika minada ya Jumapili asubuhi ambako watu huuza vitu vyao vya zamani nyuma ya magari, na ndani ya mapipa tunayopakia kupeleka nyumbani. Kule kwetu mashine hizi zilijaza vibanda ambako vijana walilipia mechi moja moja, na mashine ikafanya kazi tangu asubuhi hadi usiku katika joto na vumbi.

Ugonjwa wake mkubwa unajulikana. Unaweka diski, unasikia inazunguka, inasita, inagonga kidogo, kisha kioo kinageuka chekundu na mashine inakutaka uweke diski ya aina yake. Diski imo ndani, tena ni halali yake, lakini mashine inaikana.

Wahenga walisema nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Mashine haina njia ya kuliangalia jicho lake yenyewe. Inachojua ni kwamba haikuona, na kwa kuwa haikuona, inahukumu kwamba kilicho mbele yake hakifai. Wenye nyumba nao huiamini, wakatupa diski moja baada ya nyingine, kumbe diski hazina kosa. Hilo peke yake ni somo, lakini tusilimalizie hapo.

Hebu kwanza tuone kazi ambayo jicho hilo hupewa. Diski ya DVD ina njia moja ndefu iliyojizungusha kama jamvi lililokunjwa, na mzunguko mmoja umeachana na wa pili kwa mikromita 0.74 tu. Unywele mmoja wa binadamu ukiangukia hapo hufunika makumi ya mizunguko hiyo. Diski za aina ya CD, ambazo katika mashine hii hutambulikana kwa rangi ya samawati upande wa chini, zina nafasi pana zaidi, mikromita 1.6. Kila aina husomwa kwa mwanga wake: CD kwa mwanga wa nanomita 780, ambao jicho la mtu halina uwezo wa kuuona sawasawa, na DVD kwa mwanga mwekundu wa nanomita 650. Ndiyo sababu mashine moja inaweza kusoma diski za fedha na kuzikataa za samawati, au kinyume chake. Lenzi yenyewe ni ndogo kama punje ya dengu, imening'inizwa kwenye sumaku, nayo hupanda na kushuka bila kupumzika, kwa sababu hakuna diski inayozunguka bila kuyumba.

Usione vyaelea, vimeundwa. Waliobuni diski walijua toka mwanzo kwamba watu watazikwaruza. Katika mwaka 1960 wataalamu wawili wa hisabati, Irving Reed na Gustave Solomon, walichapisha njia ya kuandika taarifa kwa namna ambayo sehemu ikipotea, iliyobaki inatosha kuirudisha. Njia hiyo ndiyo iliyowekwa ndani ya CD, na kwa hiyo CD inaweza kupotewa na milimita mbili na nusu za njia yake na bado kila kitu kikasomeka kamili. Kwa sababu hiyo pia diski hufutwa kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda ukingoni, wala haifutwi kwa kuzungusha mkono. Mkwaruzo unaokatiza njia huharibu kidogo hapa na kidogo pale, na hayo husameheka. Lakini mkwaruzo unaofuata njia hufuta maneno mfululizo mpaka msamaha unakwisha. Kwa ufupi, mashine hii iliundwa ivumilie makosa mengi. Ikifika mahali pa kukataa, ujue imeshavumilia sana.

Sasa tuje kwenye tiba. Fundi mwadilifu huanza na jambo dogo kabisa lisiloweza kudhuru. Kwanza hujaribu diski nyingine, za aina zote mbili. Pili huifuta diski yenyewe. Tatu hufungua mashine, umeme ukiwa umechomolewa, akaifuta lenzi kwa kijiti cha pamba kilichotiwa tone la spiriti ya isopropili, kwa mkono mwepesi kama anayefuta jicho la mtoto mchanga. Nne huangalia reli ambayo jicho hutembelea: grisi ya miaka ishirini huwa imekauka ikashika vumbi, na kuiondoa na kupaka mpya kidogo huponya wagonjwa wengi. Tano, katika mashine nene za mwanzo, kuna gia ndogo nyeupe ya plastiki inayoshikilia mwinamo wa reli. Ikijisogeza jino moja au mawili, jicho linakaa upande. Yote haya huondoa chanzo, na yote yanaweza kurudishwa yalivyokuwa.

Kisha ipo njia ya sita, na hapo ndipo penye swali letu. Kando ya leza kuna vikinzani viwili vidogo vinavyogeuzwa kwa bisibisi, kimoja cha CD na kimoja cha DVD. Ukivigeuza upande unaotakiwa, umeme unaokwenda kwenye leza unaongezeka, mwanga unakuwa mkali, na mashine iliyokataa kila kitu inaanza kusoma papo hapo. Kazi ya dakika kumi! Wapo mafundi wanaoanzia hapo na kuishia hapo, na mteja hutoka anashangilia.

Lakini dayodi ya leza ina maumbile yake. Haitoi mwanga wa leza mpaka umeme unaopita ndani yake uvuke kiwango fulani, na kadiri inavyozeeka kiwango hicho hupanda. Umeme ukizidi, joto linazidi. Joto likizidi, uzee unakwenda mbio. Na uzee ukienda mbio, kiwango kinapanda tena. Jicho likiwa lina vumbi tu, kuongeza umeme hakuondoi vumbi, kunalipitisha jicho kwa nguvu, na vumbi linabaki pale pale. Jicho likiwa limezeeka kweli, kuongeza umeme ni kukopa siku za mbele ili zitumike leo. Ama likizidishwa mno, huungua mara moja, na hapo hakuna cha kufuta wala cha kugeuza. Kutengeneza ni kuondoa kilichozuia kitu kufanya kazi yake. Hili la pili tunaliita kukamua.

Je, kukamua ni haramu ya kazi? Hatusemi hivyo. Mtu mwenye mashine yake mwenyewe, ambayo leza mpya hakuipata au haina thamani ya gharama hiyo, na ambaye anataka wanawe wacheze sikukuu hii kabla ya kuiaga, ana haki ya kuitumia hadi tone la mwisho. Muwa hutafunwa kwa sababu ya utamu wake, hakuna anayeuonea huruma. Kuna hata heshima katika kukifikisha kifaa mwisho wa kazi yake badala ya kukitupa jaani kingali na pumzi. Tena aliye masikini hana anasa ya kuchagua kila mara njia iliyo bora, huchagua inayowezekana. Hoja hiyo tunaikubali yote.

Tusichokubali ni kumwachia mwingine deni bila kumwambia. Anayekopa na atakayelipa wakiwa mtu mmoja, hiyo ni hesabu yake. Wakiwa watu wawili, na wa pili hajui, jina lake linabadilika. Ukinunua mashine mbovu kwa pauni tano, ukageuza bisibisi, ukaiuza kwa pauni arobaini ukisema "inafanya kazi," hukusema uongo kwa maneno, kwani wakati ule ilikuwa inafanya kazi. Lakini ulijua jambo ambalo lau mnunuzi angelijua asingetoa bei ile. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tofauti hapa ni kwamba anayeficha ni mmoja na anayeumbuka ni mwingine.

Na jambo hili linatugusa hasa sisi tulio mbali na nyumbani, kwa sababu ya yale mapipa. Vitu vingi tunavyopeleka ni vile vilivyochoka huku. Mtoto wa Tanga au wa Unguja anapopokea mashine kutoka kwa mjomba wa Ulaya, haichunguzi. Ameshawaambia wenzake mtaa mzima. Ikifa baada ya wiki tatu, hana risiti, hana duka la kuirudishia, na adabu inamkataza kumwambia mjomba kwamba zawadi yake ilikuwa maiti iliyopakwa rangi. Atasema imeharibika kwa umeme wa huku, na sisi tutakubali upesi, kwa sababu maelezo hayo yanatustiri. Hivyo mtoto anabeba hasara, kisha anabeba na lawama.

Vivyo hivyo kwa mambo mengine yanayojulikana na mtumaji peke yake. Mashine iliyonunuliwa Marekani huenda imeundwa kwa umeme wa volti 120 tu. Ikiwa hivyo, ikichomekwa Dar es Salaam bila transfoma inaweza kuungua. Tena diski zinazouzwa kwa soko la Ulaya haitazisoma, hata jicho lake likiwa zima kabisa, kwa sababu kila soko lilifungwa kwa kufuli lake. Anayejua hayo akanyamaza, asijitetee kwamba nia yake ilikuwa njema. Nia njema yenye maarifa hudaiwa zaidi kuliko nia njema ya asiyejua.

Wapo watakaosema: zawadi haichaguliwi, bora nusu shari kuliko shari kamili, na mtoto akicheza wiki tatu amefaidi wiki tatu. Kweli. Lakini hakuna kinachozuia wiki hizo tatu kupewa pamoja na ukweli wake. "Hii ni nzee, jicho lake limeongezwa nguvu, icheze kwa kiasi, izime mkipumzika, na ikikataa si kosa lako." Maneno hayo hayana gharama ya usafirishaji. Mtoto aliyeambiwa hivyo atafurahi vilevile, na siku mashine itakapokufa hataogopa kupiga simu.

Tuongeze neno moja kuhusu sisi wenyewe, kwani huenda hii ndiyo sababu habari ya leza ituvutie kiasi hiki. Wangapi kati yetu wanafanya kazi zamu mbili, ya mchana ghalani na ya usiku katika nyumba za kulea wazee, na uchovu ukija hawaulizi umetoka wapi, bali wanaongeza bisibisi kidogo: kahawa moja zaidi, kopo moja zaidi la kinywaji cha kuchangamsha, usingizi saa moja pungufu? Mashine inasoma. Fedha zinakwenda nyumbani kila mwisho wa mwezi. Tukiulizwa kwenye simu hali gani, tunajibu "nzuri tu," na wa upande wa pili wanapanga maisha yao, ada za shule, msingi wa nyumba, matibabu ya bibi, juu ya jicho ambalo hawajui limeongezwa umeme mara ngapi. Siku litakapokataa, watakaolipa si sisi peke yetu. Kwa hiyo na wao wana haki ya kuambiwa, kama alivyo na haki yule mtoto wa Tanga. Kusema "nimechoka, mwezi huu itakuwa nusu" si aibu. Ni kufuta lenzi kabla ya kugusa bisibisi.

Katika uhandisi tuna desturi moja ya zamani ambayo tungependa kuipendekeza kwa kila anayefungua mashine ya mwenziwe. Kabla ya kugeuza chochote, kipime. Andika kipimo kilichokuwapo na kipimo ulichokiacha, na tarehe, kwenye kikaratasi, ukibandike ndani ya kifuniko. Fundi atakayefuata, awe London au Kariakoo, atajua ameachiwa nini na kimebaki kiasi gani. Ni kikaratasi cha ukubwa wa stempu. Ukiona uzito kukiandika, basi hapo hapo umeshapata jibu la swali tuliloanza nalo.