Mbona Hukuja?

Begi langu linatosha kamera na lenzi mbili, basi. Ya tatu ikiingia, zipu inakataa. Kwa hivyo swali la lenzi gani nibebe nililiona kuwa la uzani na pesa tu. Siku hizi naona ni swali la watu.

Siku moja nilikuwa juu ya daraja la watembea kwa miguu karibu na Gikomba, nikiwa na lenzi ya milimita 55 hadi 200. Chini, mzee alikuwa anasukuma mkokoteni wa mitumba, jasho likimtiririka. Nikamvuta mpaka uso wake ukajaa fremu. Picha safi kabisa. Niliposhuka tukakutana.

"Ni mimi ulikuwa unapiga picha?"

"Ndiyo, mzee."

"Sasa kijana wangu, mbona hukuja?"

Angeitisha soo mbili ningempa. Lakini swali hilo sikuwa na jibu lake. Barabara ni ya kila mtu, nilijiambia, na bado niliona aibu.

Ndiposa nikatafuta lenzi ya milimita 23. Kwa kamera yangu, ambayo sensa yake ni ya APS-C, inaona karibu kama 35 ya zile kamera za filamu. Ina gramu 180. Ile ndefu ina 580. Ila faida yake kubwa si wepesi. Ukitaka mtu ajaze fremu, lazima umsogelee, na ukimsogelea anakuona. Akikuona, anaweza kukataa.

Lakini tusijidanganye kwamba lenzi fupi ni uadilifu. Henri Cartier-Bresson alipiga picha zake nyingi kwa milimita 50, na bado alifunika sehemu zinazong'aa za Leica yake kwa utepe mweusi ili asitambulike. Unaweza kuwa karibu na mtu na bado ukamwibia.

Na ile ndefu nayo si mwizi kila mahali. Juni 2024, wakati wa maandamano ya Mswada wa Fedha hapa Nairobi, ndiyo nilibeba. Mwenye bunduki simwendei kuomba ruhusa. Anachofanya hadharani kinatuhusu sote, na ukimkaribia sana huenda usirudi nyumbani na kamera.

Kwa hivyo nimebaki na hizo mbili, na kabla ya kubadilisha lenzi najiuliza: huu umbali unanikinga na nini? Kwa mwenye nguvu, unanikinga na rungu. Kwa yule mzee, ulinikinga na neno "hapana" tu. Kinga hiyo ya pili ndiyo siitaki tena.

Picha yake bado iko kwa laptop. Sijaiuza, sijaifuta. Nikipita Gikomba huwa namtafuta kwa macho. Nikimpata nitamwonyesha, aamue yeye.