Mwenye Silaha Asimamishwapo Njiani: Haki Yake na Amana Yake

Ametuandikia ndugu yetu mmoja wa Kisumu, mfanyi biashara ya samaki, ambaye husafiri mara kwa mara kwa njia iendayo Busia. Asema kwamba alipofika Kisian, pale ambapo njia ya Bondo hujitenga na njia ya Busia, alisimamishwa usiku na askari. Kiunoni alikuwa na bastola aliyopewa cheti chake na serikali. Aliulizwa leseni ya udereva, akaitoa. Wala hakutaja bastola kwa kuwa hakuulizwa. Alipoinama kutafuta karatasi za gari, shati likainuka, askari akaiona, na mara bunduki mbili zikaelekezwa kifuani pake. Alhamdulillahi jambo likaisha kwa salama: cheti kikatazamwa, akaambiwa aende zake. Lakini tangu usiku ule moyo wake haujatulia, naye auliza: Je, nilikuwa na haki ya kunyamaza, au nilikuwa na wajibu wa kusema?

Tuliisoma barua hii darasani, na wanafunzi wakagawanyika. Wala wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wasidhani ya kuwa hili ni jambo la watu wa bara peke yao. Wazee wetu walivaa majambia wakatembea nayo mpaka sokoni, na hapana aliyewauliza. Zama zimegeuka, na chuma cha leo huua mtu aliye mbali kabla hajasikia mlio wake.

Yapasa kwanza ijulikane kwamba silaha katika Kenya si haki ya raia, bali ni ruhusa. Wamarekani waliiandika haki ya kushika silaha katika katiba yao tangu 1791. Katiba yetu ya 2010 haina neno kama hilo. Sheria yetu ya Silaha, sura ya 114, humtaka mwenye silaha awe na cheti, na akionyeshe pindi askari akimwuliza. Na serikali inaweza kukitwaa. Mwezi wa Disemba 2018 wenye vyeti wote waliamriwa wachunguzwe upya, hata wale waliokaa navyo miaka mingi. Basi aliyeomba cheti akapewa ameingia katika mapatano, na Waislamu tumefunzwa kwamba mtu hufungwa na masharti aliyoyakubali maadamu hayahalalishi haramu.

Wale waliotetea kunyamaza walileta hoja yenye nguvu, nami sitaki kuipunguza. Walisema: kunyamaza si uwongo. Mwenyezi Mungu amekataza upelelezi katika Sura ya al-Hujurat, na Katiba katika kifungu cha 31 imemlinda mtu asipekuliwe mwilini mwake wala katika mali yake ovyo. Kisha wakamtaja Philando Castile, kijana wa Minnesota aliyesimamishwa garini tarehe 6 Julai 2016. Alikuwa na kibali cha bastola. Akamwambia askari kwa adabu kwamba anayo. Akapigwa risasi hapo hapo mbele ya mwenzake na mtoto mdogo aliyekuwa nyuma. Mwaka uliofuata mahakama ikamwachilia yule askari. Wakauliza: huyu alisema, na kusema kwake kulimfaa nini?

Hapana ajibuye swali hilo kwa wepesi. Lakini litazameni vizuri. Kijana yule hakukosa kwa kusema. Aliyekosa ni yule aliyeacha hofu imtangulie akili. Dhulma ya mwenye nguvu haigeuzi wema wa aliyedhulumiwa kuwa kosa, na lau tungeacha kila jema ambalo mtu aliuawa akilitenda, tusingebakisha jema la kutenda.

Ama hoja iliyonielemeza mimi upande wa kusema ni hadithi ya mishale, iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwamrisha apitaye na mishale msikitini au sokoni aizuie ncha zake kwa mkono ili isije ikamdhuru Mwislamu. Fikirini hapo. Mtu yule hakuwa mwizi wala muasi. Mishale ilikuwa yake kwa halali, na njia ilikuwa yake pia. Hata hivyo hawakuambiwa watu wa msikitini wajihadhari naye. Yeye ndiye aliyetwikwa mzigo wa kuwapa watu amani. Na askari aliyesimama njiani usiku, ambaye haoni mikono ya dereva wala hajui nia yake, naye ni mmoja katika hao watu. Ana mke na watoto wanaomngoja. Kumwacha aigundue silaha kwa ghafla ni kumwachia ncha ya mshale wazi.

Kwa hiyo jawabu letu ni kwamba ndugu yetu alikuwa na haki ya kutosema mambo yake mengine yote, lakini bastola si jambo lake peke yake. Asimamishwapo, azime injini, awashe taa ya ndani, aweke mikono juu ya usukani, na kabla hajagusa kitu aseme: Afande, nina bastola yenye cheti, iko kiunoni upande wa kulia, niambie nifanye nini. Asiishike ili kuionyesha. Iko hadithi nyingine inayokataza kumwelekezea ndugu yako silaha hata kwa mzaha.

Lakini asidhani mtu kwamba kusema ni kujitoa kuwa mtumwa. Kutaja silaha si kuruhusu gari zima lipinduliwe. Akikamatwa, kifungu cha 49 chataka aambiwe sababu kwa lugha aifahamuye, anyamaze akitaka, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24. Askari naye amefungwa: Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 yamtaka aanze kwa njia isiyo ya nguvu, na asitumie bunduki ila pale njia zisizo kali zisipotosha. Mwandishi wa Pakistan, Arshad Sharif, aliuawa na polisi katika Kajiado tarehe 23 Oktoba 2022, na ikadaiwa kwamba gari lake lilidhaniwa ni la wizi. Mwezi wa Julai 2024 Mahakama Kuu ya Kajiado ikahukumu kwamba kuuawa kwake kulivunja sheria, ikaamuru aila yake ilipwe shilingi milioni 10.

Kijana mmoja akauliza: na askari akitaka mlungula, si nimeruhusiwa kuipigania mali yangu? Huko ni kuitia hadithi mahali pasipo pake. Ile ni ya mnyang'anyi, na katika mapokezi yake mengine mtu ameamriwa kwanza atake msaada wa watu na wa mtawala. Mlungula usitolewe, kwani aya ya 188 ya al-Baqara iko wazi. Mtu alisome jina la askari, aihifadhi saa na mahali, apeleke mashitaka kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi au mahakamani. Kuutia mkono kiunoni kwa ajili ya shilingi mia tano ni wazimu.

Nami nauliza, kwa pembeni tu: siku hizi ambapo fedha za samaki hupelekwa kwa simu, mfanyi biashara huyu ahitaji bastola kwa safari ngapi katika mwezi?

Suala lake la pili ni kuhusu kumwachia utingo bastola garini aingiapo msikitini kuswali. Hilo halifai, kwa dini wala kwa sheria, kwani cheti kina jina lake peke yake. Aswali nayo mwilini ikiwa imefunikwa, asiitoe wala asiichezeechezee. Na siku ya Ijumaa, penye msongamano, aiache nyumbani ndani ya sanduku la chuma.