Dawa za Mlimani na Hukumu Yake

Swali lililoletwa mbele ya darasa letu ni hili: Je, yafaa Muislamu ajitibu kwa dawa ya mti aliyoipata kwa mganga wa mlimani asiye wa dini yake, ambaye pengine huitaja mizimu achimbapo mzizi? Ndugu zetu wakaao Burumba, mjini Busia, na wale wa Malaba, hawana budi kulijibu. Kwani upande wa kaskazini-mashariki yao uko Mlima Elgon, ambao Wabukusu na Wagisu wauita Masaba, wenye kimo cha mita 4,321, na wenyeji wake tangu zamani hujitibu kwa majani, mizizi na magome ya msitu wao.

Wako miongoni mwetu wasemao kuwa dawa zote za miti ni ushirikina, basi na ziachwe. Na wako wasemao kuwa mgonjwa hana hiari, mfa maji hukamata maji. Sisi twaona kauli zote mbili zimepotoka.

Kauli ya kwanza yachanganya kitu na itikadi. Mti ni kiumbe cha Mungu, nao hauna mzimu wala kafara. Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu, akatufahamisha kuwa kila ugonjwa umewekewa dawa yake. Wala wanazuoni wetu wa zamani hawakuona haya kujifunza kwa wasio Waislamu. Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Malaga aliyefariki Damascus mwaka 1248, alikusanya katika kitabu chake dawa na vyakula vipatavyo 1,400, na alipopokea neno la Dioscorides au Galen, Wayunani, alilitaja kwa jina la mwenyewe. Hakulitupa kwa sababu ya dini ya aliyelisema, wala hakulifanya lake. Nasi watu wa pwani twachemsha mwarobaini kila siku, na asili ya mti huo ni Bara Hindi.

Kauli ya pili ina hatari kubwa zaidi. Mtu akiambiwa achinje kuku kwa ajili ya pepo, au aitakidi kuwa mzimu ndio uponyao, hapo hakuna tena dawa, ni dini nyingine. Hata pasipo mzimu iko dhamana: sharia yamtwika lawama mwenye kutibu hali hajulikani kwa utabibu, akamdhuru mtu. Auzaye chupa moja na kudai yaponya kisukari, kifafa na saratani pamoja ni mlaghai, aape kwa mzimu au aape kwa jina la Mungu. Na tusiwanyoshee kidole watu wa mlimani peke yao. Katika miji yetu wenyewe wamo wavaao kanzu na kilemba, wauzao hirizi na kombe kwa bei ya juu, na wagonjwa wao huchelewa kufika hospitali.

Basi je, tukiuchukua mti na kuuacha mzimu, mambo yamekwisha? La. Limebaki jambo ambalo wengi wetu hatulitii hesabuni, nalo ni haki ya aliyeujua mti huo kabla yetu.

Utazameni mti uitwao kwa jina la kitaalamu Prunus africana, ambao Wakalenjin huuita tendwet. Huota katika misitu ya nyanda za juu, Elgon ikiwa mojawapo, na wenyeji wa milima ya Afrika walilitumia gome lake kwa maradhi ya kifua, homa na tumbo. Mwaka 1966 dawa ya tezi dume itokanayo na gome hilo ilipewa hataza huko Ufaransa. Magome yakasafirishwa kwa shehena kutoka Kameruni, Madagaska na Kenya. Mti uliochunwa gome pande zote hukauka. Na miti mingi ilikauka, hata mwaka 1995 biashara yake ikawekwa chini ya mkataba wa mataifa wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini. Faida kubwa iliwaendea wenye viwanda, na mchunaji akapata ujira mdogo.

Twaweza kuwalaumu wageni. Lakini nasi tulinunuapo gome kwa mama wa sokoni kwa bei ya kumdhulumu, kisha tukamwita mshenzi, tumefanya tofauti gani? Dhulma haihalaliki kwa kuwa aliyedhulumiwa si Muislamu. Kenya ilitunga mwaka 2016 sheria ya kulinda elimu za jadi. Ila sheria haisimami baina ya mnunuzi na muuzaji kila penye mzani. Hapo husimama dhamiri.

Kwa hiyo twasema: dawa ni halali ikiwa haina madhara wala najisi, wala haikuambatana na kafara. Na mwenye kuinunua aulize jina lake na kipimo chake, na amwambie daktari wake, kwani dawa mbili huweza kugombana mwilini. Asinunue gome la mti uliouawa akijua. Alipe bei ya haki. Na akiulizwa amejifunza kwa nani, amtaje aliyemfunza, kama Ibn al-Baytar alivyowataja Wayunani.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuponya, na ndiye Ajuaye zaidi.