Kuni Mbili za Mjane wa Sarepta

Somo: 1 Wafalme 17:8-16, 1 Timotheo 5:4

Jumamosi tulimzika mama yetu kule Kakuma, na wengi wenu mlifika Lodwar usiku mkiwa na vumbi la kilomita 120 mwilini. Kwa hiyo ujumbe wa Jumapili nauandika hapa kwa kirefu kidogo, kwa faida ya wale waliosinzia ibadani. Niliwaona.

Jina lake mnalijua. Familia imeomba tusilichape, basi nitamwita vile watoto wa shule ya Jumapili walivyomwita: Ata. Kwa ndugu zetu waliotoka Kitale, Kongo na kwingineko, Ata ni nyanya.

Twende kwenye Neno. Mvua imekatika Israeli. Eliya alikuwa akinywa maji ya kijito cha Kerithi, nacho kimekauka. Watu wa Turkana hatuhitaji kuelezwa kijito kukauka ni nini. Kati ya 2020 na 2023 tuliona misimu mitano ya mvua ikipita mfululizo bila mvua ya maana. Mungu anamwambia Eliya aondoke aende Sarepta, nchi ya Sidoni, kwa maana huko amemwagiza mtu wa kumlisha. Sasa wewe ungetarajia nani? Tajiri mwenye maghala, si ndiyo? Eliya anafika langoni na kumkuta mwanamke mjane anaokota kuni. Ana unga wa konzi moja na mafuta kidogo. Mpango wake wa siku hiyo ni kupika mara ya mwisho, ale na mwanawe, wafe.

Angalia nani anamlisha nani. Eliya ni mkimbizi. Mfalme Ahabu anamtafuta kila taifa, yeye amevuka mpaka na hana chochote mkononi. Anayempokea ni mama mwenyeji, analea peke yake, tena hata si Mwisraeli. Yesu mwenyewe aliwakumbusha watu wa Nazareti jambo hilo katika Luka 4, na walikasirika mpaka wakataka kumtupa kutoka kilimani.

Niseme kitu hapa kabla hatujaendelea. Wapo watumishi wanaoichukua sura hii kuwakamua wajane. "Mama, leta konzi yako ya mwisho, pipa lako litajaa." Someni vizuri. Pipa halikujaa! Biblia inasema tu kwamba unga haukuisha. Nilipokuwa nasoma biashara chuoni, tulifundishwa kwamba mwenye mtaji wa siku moja hana biashara, afunge duka. Kwa hesabu hiyo yule mama alifilisika kabla Eliya hajafika. Lakini Mungu hakumpa ghala. Alimpa unga wa leo, na kesho akampa wa kesho. Kila asubuhi aliinamia pipa lile lile akakuta konzi ile ile. Hiyo ni imani ngumu kuliko ya kupokea gunia 10 kwa mara moja.

Ata aliishi hivyo, na wala haikuwa mfano wa mahubiri. Kambi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992, yeye alikuwa ameshapoteza mifugo, na baba wa watoto wake alikuwa ameondoka. Mnajua kazi waliyofanya akina mama wengi wa Kiturkana miaka ile, na wengine wanaifanya mpaka leo: unaamka usiku, unakata kuni, unabeba mzigo kichwani mpaka kambini, unabadilishana na mkimbizi kwa unga au maharagwe ya mgao wake. Kuni kwa unga. Sarepta kabisa! Mwenyeji hana chakula, mgeni hana moto, na kila mmoja anahitaji kile ambacho mwenzake anacho.

Binti yake alitusimulia jambo kwenye matanga ambalo wengi tulikuwa hatulijui. Mgao ukichelewa, wanawake wa kambini walichukua kuni kwa deni. Ata hakujua kusoma. Alichora mistari ya makaa kwenye mlango wa bati, mstari mmoja mzigo mmoja, kila mteja na sehemu yake. Upande wa chini wa mlango ulikuwa wa mama mmoja wa Sudan aliyekuwa na mtoto mchanga. Mistari ya pale ilikuwa mingi kuliko yote, na haikupungua. Siku ya kuhama Kakuma kuja Lodwar, Ata alichukua kitambaa na maji akafuta mlango wote. Binti akamwuliza, mama, na unga wetu? Akajibu, "Nimekula miaka yote hii. Nani amenidai?"

Mhasibu anayejua kazi yake angeandika pale "deni lisilolipika" na kufunga ukurasa. Mimi nimeufikiria mlango ule wiki nzima.

Wazee wetu wana habari ya Nayeche. Si Maandiko, na sitaihubiri kama Maandiko, lakini kila Mturkana ameisikia. Vijana wa Kijie walifuata nyayo za dume lililopotea, wakateremka kutoka Karamoja mpaka bonde la Tarach, mto ule ule unaopita Kakuma. Huko wakamkuta mwanamke mzee peke yake, anaokota matunda ya porini, na lile dume liko kwake. Yeye ndiye aliyewaonyesha kwamba nchi hii mtu anaweza kuishi. Mlima wake unaitwa Moru Anayeche hadi leo. Yaani taifa zima, pamoja na wazee wake wote wa kukaa kwenye viti vidogo chini ya mti, linajihesabu kuanzia kwa mwanamke aliyekuwa peke yake na alichookota. Halafu leo mtu anamwona mama asiye na mume kanisani anakunja uso.

Nisisitize hapo. Neno "single mother" linatamkwa katika makanisa yetu kama jina la ugonjwa. Mahari ya Ata haikulipwa, hilo si siri. Wapo waliomtaka atubu kila mwaka dhambi ambayo Yesu alikwisha kuisamehe. Yeye alikaa benchi la pili, upande wa akina mama, akasuka kikapu cha mkoma mpaka maombi yaanze. Mume wa kukaa naye hakuwepo. Mungu wa kuzungumza naye saa kumi alfajiri alikuwepo, na majirani wa Kanamkemer ni mashahidi, maana aliwataja watoto wake kwa sauti, mmoja mmoja, na baadaye wajukuu.

Mwaka 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bure, alimpeleka binti yake wa mwisho darasa la kwanza akiwa na miaka 12, mrefu kuliko mwalimu. Binti yake mwingine alipofariki na kuacha watoto wanne, Ata alianza ulezi upya. Pesa ya wazee ya Inua Jamii ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Gawanya kwa watu watano, siku 30: inapata shilingi 13 kwa mtu kwa siku. Vikapu na makaa ya mathenge vilijaza pengo, na pasipojazwa alifunga, akaita kufunga na kuomba. Jioni mjukuu alimsomea Biblia ya Kiturkana. Akikosea neno, Ata alimsahihisha, na kumbuka huyu ni mtu asiyejua herufi. Paulo alimwambia Timotheo kwamba imani yake ilikaa kwanza kwa nyanya yake Loisi. Mimi naelewa sasa ilikaaje.

Tufike kwenye andiko la pili, kwa sababu hapa ndipo penye kazi. 1 Timotheo 5:4 inasema watoto na wajukuu wajifunze kuwalipa waliowazaa. Kulipa! Paulo anatumia lugha ya deni. Ata alifuta ya kwake mlangoni, lakini tunayodaiwa sisi hakuyafuta mtu.

Wajukuu wanne wamebaki. Kwa kuwa mahari haikulipwa, kwa desturi yetu wao ni wa ukoo wa Ata, na kaka zake ndio wenye sauti. Nawaheshimu wazee hao. Mmoja alilia kaburini kuliko sisi sote. Lakini tayari maneno yamesikika: wavulana waende kuchunga, na msichana wa kidato cha tatu "ameshakuwa mkubwa". Mnajua maana yake. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inakataza ndoa ya mtoto, na chifu anajua hivyo. Lakini sitaki tufike kwa wazee na polisi wakati hatujafika na karo. Ukimwambia mzee asipokee ng'ombe, mwambie pia nani atamlisha mtoto Jumatatu.

Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili tutakaa chini ya mwarobaini pamoja na wazee wa familia. Mjomba mkubwa amekubali kuja kutoka Kakuma. Nauli yake imeshatumwa. Idara ya akina mama italeta hesabu ya karo ya muhula huu na sare za wavulana wawili. Mwenye kutaka kumchukua mtoto wakati wa likizo aniandikie jina lake kabla ya Ijumaa. Vikapu sita ambavyo Ata hakumaliza viko ofisini kwa mchungaji. Akina mama wanaojua kusuka, njooni mvichukue mvimalizie, maana mteja wake wa sokoni bado anavisubiri.